Mrejesho: Taarifa za ndugu yangu zilivyofika Bodi ya Parole

Habari zenu ndugu zangu. Niliuliza hapa ni nani anayepeleka taarifa za mfungwa kwenye Bodi ya Parole, yaani bodi inayoshughulikia wafungwa kutoka mapema kwa masharti na kumalizia kifungo nje ya gereza, kwa kuwa kaka yangu, aliyehukumiwa miaka 9 kwa wizi wa mifugo, alikwisha kumaliza theluthi moja ya kifungo chake na hatukusikia lolote. Nawashukuru mlionishauri niende gerezani kwanza badala ya kukimbilia kwa wakili.

Afisa wa parole alinieleza kwa utulivu kwamba, chini ya Sheria ya Bodi za Parole ya 1994, jalada huanzia gerezani, likieleza kosa, mwenendo na kazi alizofanya mfungwa, kisha hupitia Bodi ya Mkoa kabla ya kufika Bodi ya Taifa. Kilichokwamisha letu ni maoni ya jamii anakotoka mfungwa: kata iliyoandikwa kwenye fomu ilikuwa ile tuliyohama zamani, na mtendaji wa huko alijibu, kwa haki kabisa, kwamba hamfahamu mtu huyo. Kumbe kosa la mstari mmoja!

Baada ya marekebisho, afisa alifika kijijini akazungumza na mwenyekiti, na pia mwenye ng'ombe walioibwa, ambaye alisema hana kinyongo ila asingependa kumwona kaka karibu na zizi lake. Sikufurahi kusikia hivyo, lakini ni haki yake, na maneno hayo yaliandikwa kama alivyoyatamka. Jalada sasa liko mkoani.