Mama mwenye ganzi miguuni anataka nimshonee viatu. Nianzie wapi?

fundi_kihonda

Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi viatu hapa Kihonda, Morogoro, mwaka wa kumi na moja sasa kwenye kibanda hiki hiki. Nashona sandali za ngozi, nabadilisha soli, na viatu vya shule vya Januari ndivyo vinavyonilisha.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja, mwalimu mstaafu, ana kisukari cha miaka mingi. Alileta viatu vya ngozi vya mtumba nivipanue upande wa kidole gumba. Nikaingiza mkono ndani nione pa kukata, nikakuta ncha ya msumari wa kisigino imechomoza. Soksi yake ilikuwa na doa la damu pale pale. Nikamuuliza, mama, huu msumari haukuchomi? Akanijibu, "Mwanangu, miguu imekufa ganzi tangu mwaka juzi. Hata kandambili ikinivuka njiani sijui."

Nilimwambia aende zahanati siku ile ile, akaenda. Sasa amerudi anasema hataki tena mitumba, nimshonee viatu vyake mwenyewe. Kwa kweli nimeogopa. Kushona najua, lakini sijawahi kumshonea mtu asiyeweza kuniambia kiatu kinambana wapi. Mwenye ujuzi anisaidie: napimaje, natumia malighafi gani, na je, kazi hii inasomewa? Nina kidato cha nne.

MzeeWaSoli

Kijana wangu, huo mkono uliouingiza ndani ya kiatu ndio kazi yenyewe. Mteja mwingine ukimvalisha anakwambia hapa panabana, hapa panapwaya, unafuata kauli yake. Huyu mama atakwambia kimemkaa vizuri huku kinamla nyama. Inabidi usikie wewe badala yake, kwa vidole vyako na kwa macho yako.

Mimi niko Dodoma, nina miaka 29 kwenye kazi hii. Nilisomea Moshi, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya mifupa, TATCOT, kilichopo pale hospitali ya KCMC. Kilianza 1981 na kinapokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Waulize vigezo vyao vya kujiunga. Ukipata nafasi, nenda pia kwenye karakana ya viungo bandia ya hospitali ya CCBRT, Dar, uombe kukaa siku moja utazame tu.

Ila walionifundisha kuuheshimu mguu wenye ganzi ni wazee wa ukoma kule Hombolo. Ukoma unaharibu mishipa ya fahamu, na kisukari kikikaa muda mrefu kinafanya vivyo hivyo, kikianzia vidoleni. Zamani watu waliamini vidole vya mgonjwa wa ukoma vinaoza vyenyewe. Daktari Paul Brand, aliyefanya upasuaji Vellore, India, tangu miaka ya 1940, alionyesha kwamba kinachovimaliza ni majeraha ambayo mwenyewe hayasikii: moto, mwiba, na zaidi ya yote mgandamizo mdogo unaorudiwa mahali pale pale, hatua baada ya hatua. Wewe pakianza kukuuma unabadilisha mwendo bila hata kufikiri. Yeye anaendelea kupakanyaga mpaka panapasuka.

Sasa kupima. Mwite jioni, kwa sababu mguu wa jioni umeshavimba kidogo kuliko wa asubuhi. Asimame, uzito uwe kwenye miguu yote miwili, uchore kila mguu kwa penseli iliyosimama wima. Ukiilaza inaingia chini ya wayo, unapata mguu mwembamba ambao mama hana. Usipime mmoja ukadhani ndio wa pili. Zungusha futi kamba pale vidole vinapoanzia, kisha mgongoni mwa mguu. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote acha kama sentimita moja, na kirefu si lazima kiwe gumba. Halafu pima kimo cha vidole. Hili sisi mafundi wa mtaani hatukulizoea. Vidole vya wengi wenye ganzi vimejikunja kama kucha za kuku, na kiatu chenye dari fupi kinavisugua kwa juu. Dari itoshe vidole pamoja na ule unyayo laini utakaouweka ndani.

Kisha weka karatasi ya kaboni juu ya karatasi nyeupe, yeye akiwa na soksi, apite hatua moja tu. Panapotoka weusi uliokoza ndipo penye hatari, na mara nyingi utakuta sugu pale pale. Hiyo sugu usiiguse kwa wembe hata akikubembeleza. Ni ya kliniki.

Sponji la godoro usitumie. Leo ni laini, wiki ijayo limelala kama kitambaa. Tafuta sponji la plastiki linaloitwa EVA, au ile raba laini yenye vitundu vidogo vidogo, safu laini juu na ngumu zaidi chini yake. Ibonyeze kwa gumba: izame kidogo, kisha irudi. Usitoboe tundu chini ya sugu ukidhani unaipumzisha, kwa sababu kingo za tundu zinakuwa kisu. Soli ya nje iwe ngumu, isikunjike, na iinuke mbele kama omo la mtumbwi ili mguu ubingirike bila kukunja vidole. Msumari usiwepo hata mmoja, ni gundi na uzi. Kiatu kifungwe kwa kamba au mikanda ya velkro. Cha kuchomeka tu hakifai, maana ili kisivuke lazima kibane. Na ndani pasipite mshono panapokaa vidole.

La mshono nililijifunza kwa mguu wa mtu. Mwaka wangu wa tatu kazini nilimshonea mama mmoja mwenye kisukari viatu vyeusi vya harusi ya mwanawe. Vilikuwa vizuri, nilivipenda. Mshono wa ndani ulipita juu ya kidole chake cha mwisho, na mimi sikupapasa. Alicheza mpaka usiku wa manane, akalala na lengelenge asilolijua. Wiki sita baadaye hospitali wakakiondoa kile kidole. Alikuja mwenyewe na mkongojo kunionyesha ili nisimfanyie mwingine. Hakunilaumu hata neno moja, na ningeona afadhali angenilaumu. Tangu siku hiyo hakuna kiatu kinachotoka mezani kwangu kabla sijafumba macho nikakipapasa ndani chote.

Mambo mawili si yako. La kwanza, mguu wenye kidonda kibichi. Subiri daktari aseme. La pili ndilo linalowapita wengi: mguu mmoja umevimba, mwekundu, wa moto kuliko mwenzake, lakini hauna kidonda na pengine hauumi. Pima kwa mgongo wa kiganja chako, mguu huu kisha huu. Huenda mifupa ya ndani inavunjika kimyakimya. Huyo anahitaji hospitali siku hiyo hiyo, na mara nyingi anafungwa plasta. Ukimpa kiatu umemsaidia kuumaliza mguu.

Halafu muulize anapenda rangi gani. Miaka ya mwanzo tulikuwa tunashona sandali za wagonjwa zote za namna moja. Aliyezivaa sokoni kila mtu alijua ana ugonjwa gani. Wakawa wanaziweka uvunguni mwa kitanda na kwenda peku. Tulipoanza kuuficha ule unyayo laini ndani ya sandali zinazofanana na za watu wote, wakazivaa.

sister_wa_kliniki

Kaka fundi, ahsante kwa kumtuma mama zahanati. Naongeza la upande wetu.

Kliniki tunapima ganzi kwa uzi wa nailoni unaojikunja ukifikia mkandamizo wa gramu 10. Wewe huna huo uzi, ila ncha ya kidole chako inatosha. Kuna kipimo kilichobuniwa Ipswich, Uingereza. Mteja afumbe macho, umguse kwa wepesi ncha ya kidole gumba, cha katikati na cha mwisho, miguu yote miwili, jumla vidole 6. Kila kimoja sekunde moja au mbili. Usibonyeze, usitekenye. Asiposikia viwili au zaidi, huyo miguu yake ipo hatarini, mwambie afike kliniki.

Mfundishe pia kung'uta viatu kila anapovaa. Kuna baba alikuja kwetu akiwa ametafuta ufunguo wa kabati tangu asubuhi. Tulipomvua kiatu tukaukuta mle ndani, umejichora kwenye wayo meno yake yote. Soksi zake ziwe nyeupe, damu au usaha vionekane mapema, na kila usiku atazame nyayo kwa kioo au amwombe mjukuu.

Mwalimu_Nakuru

Hapa Kenya kozi ya teknolojia ya mifupa na viungo iko KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, ngazi ya diploma, kama ungependa kulinganisha.

Mimi nasema kama mtoto wa mgonjwa. Baba amevaa akala, zile sandali za matairi, maisha yake yote, na zilimkinga na miiba kweli, lakini zimegongwa misumari, na ukishakosa fahamu miguuni huo msumari ni adui. Tulipompeleka kwa fundi wa viatu vya kisukari, hatukuruhusiwa kuondoka navyo tukavitembelea hadi nyumbani. Siku ya kwanza alivaa saa moja tu, akavua, tukaangalia. Siku ya pili saa mbili. Tuliambiwa alama nyekundu ikikosa kuisha ndani ya nusu saa, turudishe kiatu. Tulirudi mara tatu. Yule fundi hakuona uchungu kufumua alichoshona, na marekebisho hakutulipisha. Panga bei yako ukijua mteja atarudi, usije ukamchukia akirudi.

fundi_kihonda

Wakuu, Mungu awabariki. Mzee shikamoo, nimesoma maneno yako mara nne, na jana usiku nimefumua sandali mbili zilizokuwa tayari kibandani kwa sababu nimekuta misumari.

Mama alikuja leo saa kumi na moja jioni pamoja na mjukuu. Katika vidole 6 amesikia viwili tu. Kidonda cha msumari kimefunga, na daktari anataka kukiona tena wiki ijayo kabla sijamkabidhi kiatu chochote. Miguu yote miwili ina joto sawa, nimeshika mara mbili. Nimechora: wa kushoto umezidi wa kulia kwa milimita 7. Rangi amechagua hudhurungi, anasema ndivyo alivyokuwa akivaa akifundisha.

Ila kaboni imenishangaza. Mguu wa kulia, chini ya gumba, pameiva weusi. Wa kushoto weusi umetawanyika tu. Kwa nini upande mmoja? Niongeze sponji hapo?

MzeeWaSoli

Marahaba mwanangu. Usikate kitu bado.

Mwambie alete viatu vyake vyote vya zamani, hata vilivyochanika. Vigeuze utazame soli ya kulia imelika wapi na ya kushoto imelika wapi. Kisha atembee na soksi kwenye sakafu safi uliyoifagia mwenyewe, wewe ukiwa nyuma yake. Angalia kama kisigino cha kulia kinawahi kunyanyuka.

Kikiwahi, mkalishe, goti limenyooka, usukume wayo taratibu kuelekea juu. Usipofika pembe mraba, basi msuli wa nyuma umekaza, kisigino hakikai chini vya kutosha na uzito wote unahamia mbele, pale ulipoona weusi. Kuongeza sponji hapo peke yake kutainua pale pale panapoumia. Utainua kisigino kidogo ndani ya kiatu, na yule sister atakuelekeza kwa mtu wa mazoezi ya viungo.

Nitumie picha za soli na ile karatasi ya kaboni. Sura ya mama isionekane. Alhamisi nipo mezani kutwa.