Redio mpya kwenye IST ya 2004: niunge waya rangi kwa rangi?

Kipanga_T
Wakuu, habari. Nina Toyota IST ya 2004 yenye redio yake ya Kijapani, FM inaishia 90. Nimenunua redio ya Android ya inchi 7, imekuja na rundo la waya bila maelezo yoyote. Nyuma ya redio ya zamani kuna soketi mbili, ya pini 10 na ya pini 6. Niunge njano kwa njano, nyekundu kwa nyekundu? Au ekspanda (kale kadude ka kushusha masafa ya FM ili redio ya Kijapani iyapate) ingetosha?

FundiWaya
Usithubutu, mkuu. Rangi za Toyota na za redio za dukani hazifanani kabisa. Kwenye redio yako njano ni moto wa kudumu, nyekundu ni moto wa swichi (ACC), nyeusi ni ethi. Kwenye Toyota hizo tatu ziko pini 6 na ni za spika za nyuma: nyeusi na njano kushoto, nyekundu na nyeupe kulia. Ukiziunga hivyo redio haitawaka tu. Balaa ni waya ya kijivu. Kwa Toyota kijivu ndiyo ACC, kwa redio yako kijivu ni chanya ya spika ya mbele kulia. Ukiziunganisha unasukuma volti 12 kwenye mlango wa kutolea sauti, na chipu ya amplifaya inakufa hapo hapo.

Toyota pini 10: bluu yenye mstari wa njano ni moto wa kudumu, kijivu ACC, kahawia ethi, kijani taa za dashibodi. Spika za mbele: waridi na zambarau kushoto, kijani hafifu na bluu kulia. Ila gari likishapitia mikono ya watu usiamini rangi, pima. Swichi ikiwa imezimwa, moto wa kudumu usome takribani 12.5. ACC isome sifuri, kisha 12 ukizungusha ufunguo.

Ekspanda haikusaidii sana. Redio ya Kijapani ina dirisha la MHz 14 tu, 76 hadi 90, na stesheni zetu zimetandazwa MHz 20, 88 hadi 108. Lazima zingine zibaki nje, na hizo utakazopata namba zake zitasomeka uongo.

solda_moto
Kuna adapta ya Toyota ya pini 10 na 6, nunua hiyo usikate soketi ya gari. Ukilazimika kukata, chomelea kwa solda na uvalishe mpira wa kusinyaa kwa joto. Gundi ya solotepu inayeyuka kwenye dashibodi lililoanikwa juani, na waya zinabaki uchi.

Kabla ya yote, toa hasi ya betri kwa spana namba 10, subiri kama dakika mbili kwa ajili ya mfuko wa hewa. Hasi za spika USIZIKUSANYE kwenye bodi ya gari, kila spika irudi na waya yake mwenyewe. Redio hizi zinasukuma pande zote mbili za spika, hivyo kuigusisha hasi kwenye bodi ni shoti. Huijui waya ya spika? Gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja, spika husika itasema "tak".

Kipanga_T
Asanteni, adapta imeingia na inalia vizuri. Lakini nikizima gari inasahau saa na stesheni. Halafu pembeni kuna nafasi.

FundiWaya
Pengine njano na nyekundu zimebadilishana mahali. Ukiwa hapo kagua na fyuzi ya njano. Fungua kishikio chake uitazame, nyingi ni ampia 10 au 15. Usiweke kubwa zaidi eti isikatike tena. Nafasi ni kawaida: uso wa redio ya Toyota una milimita 200, yako 178. Kuna vijiplastiki vya kuziba pande zote mbili.

mama_probox
FM ikikoroma, angalia waya ya bluu ya redio. Kama antena ina busta inahitaji moto huo, bila hiyo utapata stesheni za karibu tu. Na ukiona betri inalala asubuhi, pima gari likiwa limezimwa: lisinywe zaidi ya miliampia 50 hivi, na uisubiri Android ilale kwanza kabla ya kusoma mita.