Miezi 14 ya homoni, kidevu bado kinakwaruza. Niongeze dozi?

BintiKisauni
Hamjambo wapendwa. Mimi ni mwanamke transi, yaani nilizaliwa nikaitwa mvulana, mzaliwa wa Mombasa, sasa naishi Toronto. Natumia vidonge vya estradioli, homoni ya kike, pamoja na spironolaktoni ya kuzuia testosteroni, homoni ya kiume. Matiti yamekuja, ngozi imelainika, hata harufu ya jasho imebadilika. Lakini nywele jamani! Mapajani na tumboni zimejaa vilevile, na kidevu nikikinyoa alfajiri, saa kumi jioni kishaanza kukwaruza. Juzi kwenye basi kuna mtoto alinikodolea kidevu tangu nilipopanda mpaka nikashuka.

Sasa damu ndiyo imenitia wasiwasi. Januari testosteroni ilikuwa 0.9, wiki hii imetoka 3.1. Estradioli nayo imeruka toka 410 hadi 980, na dozi ni ileile. Rafiki yangu wa Marekani testosteroni yake ni 30, na daktari anamsifu! Yangu ni ndogo au kubwa? Miadi ni wiki tatu mbele.

Kipepeo88
Ongeza spiro dada. Mie niliongeza mwenyewe, mambo poa.

NesiWaZamu
Kipepeo, acha hayo. Spironolaktoni huzuia potasiamu isitoke mwilini, ikizidi moyo unaenda mrama. Haiongezwi kienyeji.

Binti, namba za Kanada na za Marekani hazilingani. Yako ni nanomoli kwa lita, ya mwenzio ni nanogramu kwa desilita. Zidisha yako kwa 29 hivi: 0.9 ni kama 26, yaani ulikuwa chini kumshinda yeye. Madaktari wengi hutaka iwe chini ya 50, kwa vipimo vyenu kama 1.7. Hiyo 3.1 imevuka kweli, ila mimi siiamini. Zote mbili zimepanda pamoja na hujabadili kitu? Kuna kingine unachomeza? Vidonge vya nywele na kucha?

BintiKisauni
Umejuaje! Nywele za kichwani zilikuwa zinapukutika, nikanunua biotini. Chupa imeandikwa mikrogramu 10,000, kimoja kila asubuhi. Hata siku ya kutoa damu nilimeza.

NesiWaZamu
Basi huyo ndiye mshukiwa wangu wa kwanza. Mashine nyingi za maabara hupima homoni kwa njia inayotumia biotini yenyewe, hivyo ikijaa kwenye damu majibu yanapotoka. Estradioli na testosteroni husomeka juu wakati mwilini haziko juu. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu jambo hili mwaka 2017. Piga simu kliniki leo, usingoje miadi, uwaambie kuhusu hiyo chupa na uombe kupimwa upya. Iache siku tatu kabla, au zaidi maabara wakitaka. Na damu itolewe kabla hujameza estradioli ya asubuhi, maana saa chache baada ya kidonge inapaa.

ShangaziLondon
Mwanangu, sasa tuje kwenye ndevu. Hata damu ikitoka safi, ndevu zilizokwisha kuota homoni haziziondoi. Zitapunguza kasi, basi. Malaika ya mikononi na nywele za mapajani hulainika polepole, miaka mitatu hata zaidi. Miezi 14 bado mapema.

Kidevu kinataka leza, ule mwanga unaochoma nywele mpaka shinani. Kwa ngozi zetu nyeusi ulizia ile ya Nd:YAG, yenye wimbi la nanomita 1064. Mimi nilipigwa na mashine nyingine, aliyenihudumia hakuuliza kitu, nikabaki na madoa ya kahawia shavuni miezi minane. Lazima wakujaribu sehemu ndogo kwanza. Tenga pesa za safari sita hadi nane, huenda zaidi, wiki nne mpaka sita kati yake. Ndevu nyeupe leza haizioni, hizo ni sindano ya umeme, moja moja, na inauma.

Halafu, sasa hivi unang'olea nini hizo nywele, kifaa gani?

BintiKisauni
Uzi kidevuni, sukari na ndimu miguuni kama mama alivyokuwa akipika.

ShangaziLondon
Uzi uache mwezi mzima kabla ya leza. Leza hufuata shina, ukiling'oa haina cha kuchoma. Wembe ruksa, tena nyoa jana yake.

BintiKisauni
Na sukari ya miguuni?

ShangaziLondon
Miguuni hupigi leza, pika tu. Ndimu usiizidishe, inawasha.

BintiKisauni
Nimepiga simu. Napimwa Alhamisi ijayo, chupa nimempa jirani.

NesiWaZamu
Mwambie na jirani aitaje akienda kupimwa.