Modeli ni Mteja, tebo iitwe wateja au mtejas?

FundiTebo: Wakuu naombeni maoni. Tunajenga mfumo wa duka kwa Laravel (fremuweki ya PHP, yaani msingi tayari wa kujengea programu), modeli, kile kipande cha kodi kinachowakilisha tebo, inaitwa Mteja. Laravel ikitafuta tebo ya databesi inabandika s ya Kiingereza mwishoni, inataka mtejas! Nimeandika $table = 'wateja' kuitajia jina la tebo, mwenzangu kaja juu, anasema tuite Customer na customers yaishe. Wingi wetu unakaa mbele jamani siyo nyuma. Nyie mnafanyaje?

KijanaWaSeva: Andika Kiingereza mkuu. Kodi (code) ya Kiswahili ni ushamba, kesho akija mtu wa nje aanze kuuliza mteja ni nini. Na tebo ya kuunganisha modeli mbili je? Laravel inapanga kwa alfabeti na kwa umoja, Bidhaa na Mteja inakuwa bidhaa_mteja, ukiiita wateja_bidhaa haiioni mpaka uitaje kwenye belongsToMany, pale unapoeleza modeli mbili zinavyounganika.

BintiKodi: Ushamba?? Futa hilo neno. Juzi nimemfungulia databesi mhasibu wa duka, mama wa makamo, kasoma mwenyewe wateja, malipo, ankara, akaweka kidole kwenye skrini akaniambia hapa kwenye ankara hakuna tarehe ya kulipa. Miezi mitatu tulikuwa hatujaona. Huyo ndiye mshamba?

KijanaWaSeva: Dada sijamtukana mtu. Ila ankara ni kitambaa, sema invoisi ueleweke.

BintiKodi: Kitambaa kwako. Bili ya maji inaitwaje? Ankara ya maji. Umoja ankara, wingi ankara, sasa hiyo ankaras ya Laravel ni lugha ya nani?

MzeeWaReli: Punguzeni moto wanangu. Kwenye Rails, fremuweki ya Ruby, unaandika mara moja tu ndani ya inflections.rb, faili la kanuni za wingi, inflect.irregular 'mteja', 'wateja', na ankara unaiweka uncountable (isiyobadilika kwa wingi), basi. Django, ya Python, tebo haina wingi kabisa, ni jina la app na la modeli, duka_mteja, ila kwenye admin, kurasa za usimamizi, utakuta Mtejas mpaka uweke verbose_name_plural, yaani jina la wingi.

KijanaWaSeva: Mzee hapo sawa, lakini safu ya mteja_id na ya created_at (muda wa kuundwa) kwenye tebo moja, Kiswahili na Kiingereza, inakera macho.

FundiTebo: Hata mimi inanikera ila created_at nimeiacha, ni ya fremuweki. bidhaa_mteja pia naiacha ilivyo.

BintiKodi: Neno ushamba bado halijafutwa. Na huyo mtu wa nje tunayemwandikia kila siku, wewe umeshafanya naye kazi?

KijanaWaSeva: Bado. Ila atakuja.