Mzee Gene Winfield na ile rangi ya kufifia, aliipigaje?

dogo_wa_gereji: Wakuu habari za jioni. Juzi napekua picha za hotirodi za Marekani, zile gari za zamani wanazikata wanazishusha chini, nikakutana na Mercury ya 1956 ya kijani inaitwa Jade Idol. Aisee nimeikodolea macho nusu saa. Kijani kimepauka katikati ya bati halafu kinazama taratibu kikifika kwenye kona na huoni kimebadilikia wapi. Kumbe aliyeipiga ni mzee Gene Winfield na alishafariki Machi 2025 ana miaka 97. Nani anamjua vizuri? Na ile rangi aliipigaje, maana mimi nikijaribu natoka na michirizi kama pundamilia.

babu_karbureta: Umechelewa dogo ila karibu. Yule mzee kakulia Modesto, California, gereji yake ya kwanza ilikuwa nyuma ya nyumba ya mama yake. Yale magari ya kuruka kwenye filamu ya Blade Runner ya 1982, michoro ya msanii Syd Mead, yeye ndo aliyaunda. Ila mimi nampendea kitu kingine, miaka 90 na ushee alikuwa bado anazunguka anafundisha vijana kukunja bati kwa mkono, na alikuwa anakata paa la gari mbele ya watu kwenye maonyesho. Na usidhani kukata paa ni mchezo, nguzo za kioo cha mbele zimelala kwenda nyuma, ukitoa inchi 4 ukashusha paa basi kipande cha juu kinaangukia nyuma ya cha chini hazikutani tena, inabidi ulipasue paa lenyewe uongezee bati katikati ndo zionane.

msasa_p800: Nijibu la rangi. Ile siyo rangi mbili zimekutanishwa. Chini kuna besi (rangi ya kwanza) inayong'aa, silva au dhahabu, juu yake rangi inayopenya mwanga kama pipi uliyoinyonya, kila ukipita inazidi giza. Kwa hiyo kwenye kona unapita mara nyingi, katikati mara chache, mwisho klia, ile ya juu isiyo na rangi. Michirizi yako inatokana na kusimamisha mkono wakati bunduki ya kupulizia rangi bado inatema. Achia kifyatulio kwanza, mkono uendelee kwenda.

mama_vitz: Mi nimecheka hapo kwenye pundamilia. Mwaka jana nilipeleka gari kwa fundi mmoja (simtaji) mlango mmoja tu, ikarudi mlango una nyeupe yake na gari ina nyeupe yake. Nikamuuliza hii nini akaniambia "itafifia yenyewe mama". Sasa leo ndo najifunza kumbe kuna mtu kufifisha ilikuwa ndo sifa yake mpaka wakaipa jina lake, Winfield fade.

dogo_wa_gereji: 😂😂 pole mama. Mkuu msasa asante sana, kuna boneti ya Starlet imelala hapa nyuma haina mwenyewe, kesho naanza nayo. Silva yoyote inafaa?

msasa_p800: Yenye punje ndogo, ya punje kubwa itakuonyesha kila kosa. Na piga asubuhi, mchana wa Dar rangi inakauka hewani kabla haijagusa bati unabaki na vumbi la kijani. Weka picha hapa hata ikiharibika.