Watangazaji wa vipindi vya reggae, acheni kutudanganya kwamba Bob Marley ndiye aliyeianzisha

Wakuu, nimekasirika kwelikweli. Jumapili mtangazaji wa redio moja hapa mjini katamka bila haya kwamba reggae ilianzishwa na Bob Marley. Nikatuma meseji kumsahihisha. Akaisoma hewani, akacheka, akaniambia nikatafute kazi ya kufanya, kisha akapiga zilezile za Bob tunazopigiwa kila wiki.

Bob nampenda sana. Lakini alikuta wenzake wameshaanza! Jamaica ilikuwa na mento, muziki wa shamba wa banjo, gitaa na lile sanduku la rumba ambalo mpigaji hulikalia huku akichokoa vyuma kwa vidole, ndugu kabisa wa ilimba ya Wagogo. Miaka ya 1950 Kingston, mji mkuu wa Jamaica, ikawa inacheza muziki wa Wamarekani weusi kwenye maspika ya mtaani ya kina Duke Reid na Coxsone Dodd. Walipoanza kurekodi vya kwao ikazaliwa ska, iliyopamba moto wakati wa uhuru wa 1962. Ule wimbo Simmer Down wa Wailers, kundi la Bob mwenyewe, vyombo walipiga bendi ya Skatalites. Don Drummond, mpiga tromboni wao aliyefunzwa Alpha Boys School, mmewahi kumtaja lini?

Kufika 1966 mwendo ukapungua, ikawa rocksteady. Msikilizeni Alton Ellis, besi imepata nafasi ya kupumua. Mwaka 1968 kundi la Toots na Maytals likatoa wimbo Do the Reggay, jina la reggae likiwa ndani ya jina la wimbo. Hapo Bob alikuwa mmoja tu kati ya wengi.

Kinachoniuma kuliko vyote ni kutotajwa kwa King Tubby. Yule alikuwa fundi wa vifaa vya umeme. Alichukua wimbo uliokwisha rekodiwa, akaifuta sauti ya mwimbaji, akabakiza ngoma na besi, halafu akarusha kipande kimoja cha neno kikajirudia mwangwi mpaka kikapotelea mbali. Ndiyo dub hiyo! Juu ya midundo ya namna hiyo U-Roy akawa anachana kabla rap haijajulikana. Na Kool Herc, aliyewasha hip hop kule Bronx, New York, 1973, ni mtoto wa Kingston. Nyinyi mnaoishi kwa kupiga Bongo Fleva mnashindwaje kumjua?

Kipindi kina saa mbili nzima. Jumapili ijayo tupigieni Skatalites, tupigieni Alton Ellis, na majina yao myataje. Kama nyimbo hamna, semeni hewani, wasikilizaji tunazo na tutawaletea.