Kanada: tumeshasikilizwa, uamuzi hautoki. Mpaka lini?

Wakuu, nimevumilia nimechoka, leo acheni niseme. Naongea hasa na ninyi mlioko Kanada ambao kesi zenu za ukimbizi zimeshasikilizwa na mpaka leo mnachungulia sanduku la barua kama mimi.

Mimi ni mtu wa Goma, mashariki mwa Kongo. Nilisikilizwa mwishoni mwa 2024, kwa video kama wanavyofanya siku hizi. Mjumbe wa bodi ya ukimbizi, yaani yule anayeamua kesi, alinihoji asubuhi nzima, na muda mwingi uliishia kwenye swali moja: kwa nini usihamie Kinshasa? Nikaeleza, akauliza tena kwa njia nyingine, nikaeleza tena. Wakili akatoa hoja zake za mwisho. Mjumbe akashukuru, akasema uamuzi atautuma kwa maandishi, skrini ikazima. Basi. Tangu siku ile hakuna barua, hakuna simu, hakuna hata tarehe ya kukadiria.

Kinachonichoma ni kwamba upande wetu kila kitu kina siku yake. Ushahidi uwe umefika siku 10 kabla ya kusikilizwa. Ukihama nyumba, waarifu upesi. Usipotokea siku ya kesi, ndani ya siku 5 za kazi unaitwa ujieleze, na maelezo yasipowaridhisha kesi inahesabiwa kuwa umeitelekeza. Ukikataliwa, una siku 15 tu za kutoa notisi ya rufaa baada ya kupokea sababu zao kwa maandishi. Sisi wageni, wengine hata basi la kwenda kwa wakili hatulijui, tumezitimiza siku hizo zote. Na wao? Kanuni yao wenyewe, ya 10, inasema mjumbe atoe uamuzi kwa mdomo palepale siku ya kusikiliza, isipokuwa kama haiwezekani. Ndani ya hiyo "isipokuwa" ndimo tumefungiwa wote. Kwenye rufaa wameweka siku 90 za kutoa uamuzi, ingawa huko nako wamejiachia mlango wa kutokea. Sasa hatua ya kwanza, ambako ndiko walipo watu wengi zaidi, ikose kikomo kwa nini?

Sikieni kilichotokea huku nasubiri. Januari 2025 waasi wa M23 wakaingia Goma. Mke wangu na watoto walikuwa mjini. Benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, hela ya chakula ikabidi ipitie kwa mtu aliyeko Gisenyi, ng'ambo ya mpaka upande wa Rwanda. Walipopata nafasi wakavuka mpaka kwa miguu na mabegi waliyoweza kubeba, sasa wako Kampala kwenye chumba kimoja cha kupanga. Wakili wangu alituma maombi rasmi ya kuongeza ushahidi, maana kanuni zinaruhusu kuleta nyaraka mpya baada ya kusikilizwa ilimradi uamuzi haujatoka. Jibu tulilopata: tumepokea. Dunia nzima imeona Goma ikianguka, na faili la mtu wa Goma bado limelala mezani!

Na watu wengi hawaelewi jambo hili, hata hapa jukwaani. Bila uamuzi siwezi kuwaombea familia yangu chochote. Nikikubaliwa ndipo ninaomba ukaaji wa kudumu na kumweka mke na watoto kwenye ombi hilohilo, na ombi hilo nalo lina foleni yake ndefu. Foleni ya pili haianzi mpaka ya kwanza iishe. Kwa hiyo kila mwezi uamuzi unapochelewa, watoto wanaongezewa mwezi Kampala. Kwenda kuwaona siwezi, paspoti yangu iko mikononi mwa serikali. Binti yangu mkubwa ananitumia sauti WhatsApp kila Jumapili: "Papa, wamesema nini?" Siku hizi sauti hizo nazisikiliza usiku nikitoka kazini, maana nikizisikiliza mchana kazi haifanyiki.

Najua foleni ni kubwa. Mwisho wa 2024 madai yaliyokuwa yanasubiri yalizidi 250,000. Lakini wengi katika hao bado hawajasikilizwa. Sisi tumeshasikilizwa! Mjumbe ameshasoma faili, ameshaniona usoni, ameshaniuliza kila alichotaka. Na kesi hizi zinasimama au kuanguka kwa jambo moja: amekuamini au hakukuamini. Mwaka ukipita atakumbuka nini? Atakumbuka nilivyojibu lile swali la Kinshasa, au atabaki na karatasi alizoandika siku ile?

Kuna atakayekuja hapa kuniambia subira yavuta heri, au nishukuru kwamba niko salama. Nashukuru, tena kwa moyo wote. Nafanya kazi, nalipa kodi, watu wa hapa wamenipokea vizuri. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya nchi hii iliamua, katika kesi ya Singh, kwamba pale ambapo ukweli wa mwombaji ndio unaotiliwa shaka, lazima apewe nafasi ya kusikilizwa kwa mdomo. Heshima kubwa hiyo. Ila kusikilizwa kunanisaidia nini kama jibu halina siku?

Barua za kuulizia wakili ameandika. Ofisi ya mbunge ilisema haiingilii kesi ambayo haijaamuliwa. Imebaki Mahakama ya Shirikisho, kuomba amri ya kuwalazimisha watoe uamuzi. Ada ya kufungua ni dola 50, lakini gharama ya wakili ni habari nyingine kabisa, na sitaficha, naogopa kumuudhi mtu ambaye bado ameshika maisha yangu.

Kwa hiyo naomba msaada wenu. Kuna aliyekwenda huko mahakamani? Uamuzi ulitoka kabla ya jaji kusikiliza ombi au baada? Msaada wa kisheria wa jimbo lako ulikubali kulipia? Na wote mliovuka miezi sita tangu msikilizwe, andikeni hapa chini mwezi mliosikilizwa na jiji. Msiweke majina wala namba za faili. Nitaziandika zote kwenye karatasi moja nimpelekee wakili wangu, aone kama tunaweza kwenda wengi kwa pamoja.